Muulize Mhandisi: Boriti mpya kwenye nguzo iliyovikwa kinga ya moto

Safari hii nimeweka pamoja barua zinazogusa jambo moja. Zote zimetoka kwa watu walio kazini, na mmoja wao amesimamisha kazi akisubiri jibu. Naanza na yake.

SWALI: Shikamoo Mama Mhandisi. Mimi ni mhandisi kijana, nasaidia usimamizi kwenye jengo ambalo bado lina watu ndani. Tunaongeza sakafu ya kati, na boriti mpya zitashikwa na nguzo za chuma za zamani, za umbo la H. Nguzo zimepuliziwa kitu cha kijivu, laini, unene kama milimita 30. Ukikikwaruza kwa kucha kinatoa unga. Foromani anataka tukwangue pale tu pleti itakapokaa, tuchomelee, tupandishe boriti, dari ifungwe. Nilipouliza nani atarudisha ile kinga, nikajibiwa kwamba haimo kwenye mkataba wetu. Nimekataa kutia saini na sasa naonekana mkorofi. Je, nimekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea, na usitie saini.

Hicho kitu cha kijivu ni jasi au saruji iliyochanganywa na vemikulaiti (punje nyepesi za madini) au nyuzi za madini. Kinadharauliwa kwa sababu hakipendezi macho na kinabomoka kwa kidole, lakini usiku wa moto ndicho kinachoamua kama nguzo itasimama. Chuma hakingoji kuyeyuka ndipo kishindwe. Kwa takwimu za Eurocode 3, yaani kanuni za Ulaya za kubuni majengo ya chuma, kikiwa na nyuzijoto 400 za Selsiasi bado kina nguvu zake zote za kustahimili mkazo. Kwenye 500 zimebaki asilimia 78. Kwenye 600 asilimia 47. Kwenye 700 asilimia 23 tu. Sasa linganisha na tanuri la majaribio la ISO 834, kipimo cha kimataifa cha ustahimilivu wa moto: baada ya nusu saa hewa yake imepita nyuzi 840, na baada ya saa moja imefika 945. Nguzo nyingi za kawaida zikiachwa tupu hazimalizi nusu saa hiyo.

Foromani wako anaona eneo dogo, la upana wa viganja viwili. Lakini nguzo haihitaji kulegea yote ndipo ianguke. Inatosha ilegee mahali pamoja, na mahali hapo ndipo mmeitwika mzigo mpya. Nimewahi kupanda juu ya dari ya jengo la ofisi, miaka baada ya ukarabati kama wenu, nikakuta kila kiungo cha boriti kina mraba wa chuma kitupu uliokwanguliwa vizuri kabisa, kingo zimenyooka. Aliyekwangua alifanya kazi yake kwa uangalifu, ila hakuna aliyeambiwa arudi kuziba. Chini yangu watu walikuwa wamekaa kwenye meza zao. Jambo hilo linanikera mpaka leo, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Kuziba nguzo peke yake hakutoshi. Boriti mpya ikibaki tupu, ni njia ya joto: moto unaichemsha, nayo inaupeleka ule moto ndani ya nguzo kupitia pleti na bolti, nyuma ya kinga yenu nzuri. Kwa hiyo hata kama kanuni hazidai boriti ile ikingwe yote, kipande chake cha kwanza kutoka kwenye nguzo lazima kivikwe. Wabunifu wengi huchukua kati ya milimita 300 na 500. Na kiungo chenyewe, yaani pleti, bolti na vichwa vyake, hupewa kinga ya yule mwenye masharti makali zaidi. Nguzo ikiwa ya saa mbili na boriti ya saa moja, kiungo ni cha saa mbili.

Kuna jambo jingine ambalo naogopa hakuna hata mmoja kwenye eneo lenu aliyeliuliza. Unene ule wa milimita 30 ulichaguliwa kwa mzigo wa zamani. Kadiri nguzo inavyobebeshwa zaidi, ndivyo joto la kuiangusha linavyoshuka. Kwa kanuni rahisi ya Eurocode 3, kipande cha jengo, kama nguzo au boriti, kinachotumia nusu ya uwezo wake hushindwa karibu na nyuzi 585. Kikitumia asilimia 60, ni kama 554. Kikitumia asilimia 70, ni kama 526. Hizo ni hesabu za kipande kisicho na hatari ya kubetuka, yaani kupinda ghafla kinapobanwa kwa urefu. Nguzo ndefu nyembamba huwahi zaidi. Maana yake ni kwamba mnaweza kuziba kila tundu kwa unadhifu, na bado nguzo nzima, kuanzia sakafu hadi dari, ikawa na kinga pungufu kwa sababu mmeiongezea sakafu. Mwandikie mbunifu wa muundo umwombe barua ya hesabu mbili: nguzo ikiwa baridi, na nguzo ikiwa motoni, zote zikiwa na mzigo mpya.

Katika ile hesabu ya baridi, hakikisha hajasahau kwamba boriti imeshikwa upande mmoja. Mzigo wake haushuki katikati ya nguzo. Chukua nguzo yenye kina cha milimita 250 na boriti inayoleta kilonyutoni 80, yaani uzito wa kama tani nane. Kawaida iliyozoeleka ni kuuhesabu mzigo milimita 100 nje ya uso wa nguzo, ambayo ni 225 kutoka katikati. Hapo tayari nguzo inapindwa kwa kilonyutoni-mita 18 ambazo haikuzijua siku ilipojengwa.

Sasa, kabla mtu yeyote hajashika kikwanguo tena, chukueni sampuli ya kinga na kuipeleka maabara ikaangaliwe kwa hadubini kama ina asbesto, zile nyuzi za madini ambazo vumbi lake huua mapafu. Marekani ilipiga marufuku kupulizia kinga yenye asbesto mwaka 1973, na Uingereza ilimaliza kupiga marufuku asbesto za aina zote mwaka 1999, lakini mwaka wa jengo haujibu swali hili. Ni maabara tu. Umeandika kwamba ulikwaruza kwa kucha ukaona unga. Mpaka majibu yarudi, usirudie, asikwangue mtu yeyote, na msifagie vumbi lililo chini kwa ufagio mkavu. Ikithibitika kuwa ni asbesto, kazi hiyo inatoka mikononi mwenu na kwenda kwa wenye leseni ya kuiondoa.

Wakati mnasubiri, tafuteni kabrasha la jengo: nguzo zilitakiwa kustahimili saa ngapi, na bidhaa iliyopuliziwa ilikuwa ipi. Pimeni unene kwa sindano ya kupimia, sehemu nyingi, kwenye ukuta wa kati wa nguzo na kwenye flanji zote (yale mabapa mawili ya pembeni ya umbo la H), maana mpuliziaji huelekea kuweka nene anapofika kwa urahisi na nyembamba kwenye pembe za ndani.

Kuhusu aina ya kiungo, ushauri wangu ni pleti moja ya wima iliyosimama kwenye flanji ya nguzo, na boriti ifungwe kwake kwa bolti kupitia ukuta wake wa kati. Sababu ni ya kivitendo. Boriti inayoingia kati ya nguzo mbili zilizokwisha kusimama haina nafasi ya kuzungushwa. Ukiiwekea pleti za mwisho zinazogusa nguzo pande zote mbili, utahangaika na vikorokoro vya kujazia, au utaikuta ndefu kwa milimita tano na haingii. Kwa pleti za wima, zote zikiwa upande mmoja, boriti inakuja kwa ubavu, inakaa, spana inaanza kazi. Acheni nafasi ya kama milimita 10 kila ncha. Na vipimo vichukuliwe chuma kwa chuma. Fungueni dirisha dogo kwenye kinga ya kila nguzo mpime kutoka hapo. Anayepima juu ya kinga ya milimita 30 kila upande ataagiza boriti iliyopungua milimita 60, na hiyo itarudi kiwandani.

Angalia pia kama kuna nafasi ya kinga kurudi. Nimeona michoro ambayo bomba la hewa linapita milimita 15 kutoka kwenye vichwa vya bolti. Hapo hakuna fundi duniani atakayeweka milimita 30. Bomba lihamishwe sasa, likiwa bado kwenye karatasi.

Kuziba kwenyewe ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Chuma kisafishwe mpaka kisiwe na vumbi, grisi wala magamba ya weldi. Kingo za kinga ya zamani zikatwe mpaka mahali inaposhika kweli. Ukigonga ukasikia mlio wa utupu, endelea kukata. Dawa mpya iwe ile ile, au mtengenezaji wake athibitishe kwa maandishi kwamba inaelewana na ya zamani. Kuvaa tu hakutoshi, lazima ishike. Baada ya uchunguzi wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, juu ya minara ya World Trade Center iliyoanguka mwaka 2001, ambako kinga iling'olewa na kishindo cha ndege, kanuni za majengo za Marekani zilipandisha nguvu ya mshiko kwa majengo marefu. Kiwango cha kawaida ni kama kilopaskali 7. Jengo refu likipita kama mita 23 ni zaidi ya 20. Likipita mita 128 ni karibu 48. Kinga inayopakwa juu ya vumbi haifikii hata kile cha chini.

Kwa foromani wako sema hivi, kwa adabu: hatukatai kazi, tunaomba mambo matatu yaandikwe. Nani anarudisha kinga na kwa malipo ya nani. Nguzo ngapi zitakuwa wazi kwa wakati mmoja (mimi ningesema chache iwezekanavyo, kwa kuwa jengo lina watu). Na dari isifungwe mpaka kila kiungo kipimwe unene na kupigwa picha. Akisema haimo kwenye mkataba, basi mkataba una tundu, na tundu hilo linazibwa na mwenye jengo kabla ya kazi kuanza. Mpelekee yeye barua yako, siyo kwa kumshtaki foromani, bali kwa sababu nguzo ni zake.

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nguzo nilizopewa zina rangi nyeupe ya kinga, ile inayovimba moto ukija. Nimeambiwa nichomelee juu kwa juu, wapaka rangi watarekebisha baadaye. Pia nguzo zimebeba ghorofa mbili juu yake. Je, joto langu haliwezi kuzilegeza?

JIBU: Nzuri, fundi. Umeuliza maswali mawili na yote ni ya mtu anayejali kazi yake.

Rangi hiyo imeundwa ivimbe mara nyingi unene wake ikifikiwa na nyuzi mia mbili na kidogo. Weldi yako inapita joto hilo kwa mbali, kwa hiyo itavimba mbele ya macho yako, itoe moshi usiofaa mapafu, na kuichafua weldi kwa matundu ya gesi. Iondoe mpaka chuma king'ae, mahali pa weldi na angalau milimita 50 kuzunguka. Ukimaliza, tazama tena: popote ilipobadilika rangi, ilipopasuka au kufanya malengelenge, nayo iondolewe, hata kama ni mbali kuliko ulivyotarajia. Mpakaji wa rangi asugue kingo kwa msasa zichukuane, aweke praima inayokubaliana na rangi hiyo, kisha tabaka kwa tabaka, akipima unene ukiwa mbichi na tena ukikauka. Tabaka moja la mwisho la rangi ya kawaida, hata likifanana kabisa kwa weupe, si kinga. Na kama kiungo ni cha bolti zinazotegemea msuguano, nyuso zinazogusana zisiwe na rangi hiyo hata kidogo, kwa kuwa ni laini na bolti itapoteza mkazo.

Kuhusu mzigo: ndiyo, joto lako linaweza kuilegeza nguzo kwa muda, na jinsi unavyopita ndiko kunakoamua. Weldi inayokwenda wima, kufuata urefu wa nguzo, inapasha moto ukanda mwembamba tu wa flanji kwa kila kipimo cha urefu. Weldi inayokatiza flanji kwa ulalo, kutoka ukingo hadi ukingo, inaipasha yote kwa wakati mmoja, na kwa dakika chache nguzo inabaki na flanji moja yenye nguvu. Ndiyo maana napenda pleti ya wima. Ukiona mchoro unakutaka uchomelee mkono wa chini wa kukalia boriti, wenye weldi ndefu ya ulalo, simama umwite mhandisi kabla hujawasha. Tumia elektrodi nyembamba, pita fupi fupi, hama upande, acha ipoe kati ya pita moja na nyingine, na msichomelee flanji zote mbili kwa pamoja ninyi wawili. Matundu ya bolti yatobolewe kwa drili ya sumaku; bolti ya M20 inataka tundu la milimita 22. Usiyakate kwa gesi.

Muulize mhandisi chuma hicho ni cha aina gani. Chuma cha zamani kinaweza kuwa na kaboni nyingi, na flanji nene hunyonya joto haraka hivi kwamba weldi inapoa ghafla na kupasuka pembeni, wakati mwingine saa nyingi baada ya wewe kwenda nyumbani. Dawa yake ni kukata kipande kidogo kikapimwe, kuipasha flanji moto kabla ya kuanza kama vipimo vitadai, na kutumia elektrodi za haidrojeni kidogo zilizotunzwa kavu kwenye oveni yake. Elektrodi iliyolala nje ya boksi usiku kucha usiitumie kwenye nguzo.

Na cheche. Umeondoa kinga, umezima vitambua-moshi ili visilie, umefungua dari iliyojaa nyaya na vumbi: hapo ndipo jengo lilipo dhaifu kuliko siku zote. Awepo mtu mwenye kizimamoto asiye na kazi nyingine. Kiwango cha Marekani cha NFPA 51B, cha kuzuia moto wakati wa kuchomelea, kiliongeza mwaka 2019 muda wa kulinda baada ya kumaliza, kutoka nusu saa hadi saa moja. Saa hiyo ikae kwenye ratiba yako kama sehemu ya kazi, na vitambua-moshi virudishwe mbele ya macho yako.

SWALI: Nguzo zetu za chuma zimezungushiwa zege. Mkandarasi anataka kufunga pleti ya boriti kwa bolti za kupanuka ndani ya zege hilo. Inafaa?

JIBU: Haifai. Mara nyingi zege hilo liliwekwa kwa ajili ya moto, likashikwa na wavu mwembamba tu. Bolti yenu itakuwa imening'inia kwenye ganda, na ganda halijafungwa kwenye chuma kwa namna ya kubeba boriti. Joto likija, ganda hupasuka na kudondoka, na boriti itashuka nalo. Vunjeni zege mahali pa kiungo, kwa mkono au kwa nyundo ndogo ya umeme, mfike kwenye chuma, mfunge kwenye chuma, kisha mrudishe wavu na zege kwa unene ule ule. Lakini kabla ya kuvunja, mbunifu aseme kama zege lile lilihesabiwa kubeba mzigo pamoja na chuma. Kama ndiyo, nguzo iegemezwe kwanza.

SWALI: Je, klampu inaweza kukazwa juu ya kinga ya kupulizia bila kukwangua, ili tusiiharibu?

JIBU: Hapana. Kinga ile haina nguvu ya kubanwa. Leo utakaza spana ikakataa kwenda zaidi, lakini unga ulio chini ya klampu utaendelea kusagika kwa mtetemo wa jengo, na baada ya muda bolti itakuwa imelegea huku kwa nje inaonekana imekazwa. Kwangua, shika chuma, kisha vika klampu yenyewe kinga kama ulivyovika nguzo.